Namba Ndogo Huvuka Kwanza

Malaba, 4 Februari 2024

Jared mwana wa kaka yangu,

Yoga noi. Salamu zikufikie wewe na Milka, na huyo mtoto aliye tumboni ambaye naomba achukue akili ya mama yake. Huku tuko. Mama yako Christine goti limempa nafuu, juzi ametembea kutoka kanisani mpaka kwangu bila kusimama hata mara moja. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mvua bado. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo umeiumiza, na nitakueleza ulivyoiumiza kwa mpangilio, maana mimi si mtu wa kuruka mambo.

Kwanza ujue kwa nini nakuandikia kwa kalamu katika mwaka huu. Simu yangu ndiyo inaendesha ile programu uliyonitengenezea ya kusimamia vita vya mchezo wetu wa mezani. Nimeiunganisha na televisheni ya baraza ili meza nzima ione zamu ya nani imefika na nani amebakiwa na uhai kiasi gani. Jana saa tisa mchana, katikati ya vita, ujumbe wako ukatokea juu ya skrini kwa herufi kubwa kama tangazo la mazishi: "Shangazi usiogope, Chatu ana uhai 90 tu na haoni upande wa kushoto." Ojakol, akiwa mezani na wachezaji wenzake, alisoma kwa sauti. Miezi miwili nimewaficha wachezaji huyo nyoka wangu Chatu, Jared. Hata jina lake nilikuwa sijalitamka.

Kwa hiyo nimekufungia kwenye simu. Kunipigia pia hapana. Spika ya sikioni ilikufa, sasa kila anayenipigia anahutubia Malaba nzima. Na kuja usije mpaka vita viishe. Januari ulikuja, Ojakol akakununulia soda moja, ukamwonyesha mlango wa siri wa mchezo uko wapi. Soda moja. Barua hizi atazibeba Oduori wa lori la saruji, kwa sababu ndiye dereva pekee hapa asiyecheza. Anasema mambo ya majini na mapepo hataki. Anavuka hapa na mzigo, anaenda Kampala, anarudi na lori tupu kwa njia ya Busia. Atakuachia hapo kibandani kwako Burumba.

Sasa jambo lenyewe. Programu yako imemuua mtu.

Unajua meza yangu. Madereva wakikwama hapa mpakani kusubiri makaratasi, wengine wanalala, wengine wanakunywa. Kwangu wanacheza. Kila mmoja ana mtu wake kwenye karatasi, mimi ndiye mwenye meza, nasema wanyama wanafanya nini, na dadu yenye nyuso ishirini ndiyo inaamua. Miaka mitatu, Jumamosi mia moja arobaini na moja, kwa daftari na vizibo vya soda. Kizibo kimoja, uhai mmoja. Mzunguko mmoja wa vita ulinichukua dakika kumi na moja. Wewe ukasema programu itafanya kwa dakika nne, na ni kweli, imemuua Jemadari Taulo kwa dakika nne.

Taulo ni mtu wa Ilukor, yule dereva wa vigae anayetoka mji wa Kumi, ng'ambo. Walitupa dadu ya zamu. Ilukor akapata 2, Quinter wa chapati 6, Ojakol 11. Chatu nikamtupia mimi, akapata 19. Nikaingiza namba zote vizuri. Programu ikamtanguliza Chatu. Akauma kwa 31. Taulo alikuwa na 28. Jina lake likawa jeusi, na simu ya Ilukor ikamwandikia: "Mchezaji huyu amefariki."

Mtu mzima wa miaka hamsini na minne anaambiwa na simu yake kwamba amefariki. Alikunja taulo lake lile la begani, akasema, "Basi, Mama Edinah," akarudi kwenye lori.

Nijibu upesi. Si kwamba inaniuma. Ila watu wawili hawawezi kumshinda Chatu.

Shangazi yako,
Edinah Akwii


Burumba, Busia, 18 Februari 2024

Shangazi Edinah,

Shikamoo, na pole. Barua imefika tarehe 15 ikiwa na vumbi la saruji, hata Milka alidhani ni unga. Yeye ni mzima, anakula udongo kidogo, daktari amesema aache. Kibanda kinaenda. Wiki hii nimetengeneza simu kumi na tatu zilizoanguka chooni, sijui watu wa Burumba wanafanya nini huko.

Kuhusu ule ujumbe, nakubali kosa. Kuhusu soda, ilikuwa ya baridi sana.

Lakini Shangazi, kuhusu kifo nakataa. Programu haikukosea. Katika michezo hii yote, ulimwengu mzima, mwenye namba kubwa ndiye anaanza. 19 ni kubwa, Chatu akaanza. Nani alikuambia ni namba ndogo? Hiyo ndiyo sheria, na mimi niliiandika ndani kwa sababu sikujua kuna mtu duniani anayecheza kinyume.

Dawa ni rahisi. Naweza kukuwekea kitufe cha Kurudisha. Unabonyeza, Taulo anafufuka, mnaendelea. Kwa sababu programu haitupi kitu. Kila mchezaji anaandika kwenye simu yake atakachofanya, inafichwa mpaka zamu yake, na yote yanabaki kwangu hata mtu akifa. Nimeona ya siku hiyo yapo, sijayafungua.

Je, nikuwekee kitufe?

Jared

Oduori anasema hana safari ya Malaba kutoka hapa. Atateremka Mombasa bila mzigo, apakie, ndipo apitie huko. Nimempa tu.


Malaba, 17 Machi 2024

Jared,

Salamu. Mama yako anakusalimia, anauliza mtoto mtamwita nani, na anasema asiitwe jina la programu. Mbuzi pacha mmoja amevunjika mguu, tumeufunga kwa kijiti. Mvua bado.

Barua yako imefika Jumanne. Nimehesabu. Imetoka Burumba ikaenda Mombasa, ikarudi, karibu kilomita elfu mbili, ili kufika mahali ambapo mimi kwa boda nafika kabla chai haijapoa. Na katika kilomita zote hizo haikupata akili.

"Nani alikuambia ni namba ndogo?" Jared, wewe umezaliwa wapi? Toka nje usimame kwenye barabara ya mpaka. Lori namba 2 na lori namba 19, nani anavuka kwanza? Umewahi kuona dereva aliyepewa namba 19 akifurahi? Mimi nilianza hapa nikiuza maji kwa madereva kwa jagi, sasa nina ofisi na muhuri wangu wa wakala wa forodha, na miaka yote hiyo sijaona mtu akimpisha mwenye namba kubwa. Siku ya kwanza ya mchezo, mwaka 2021, Ilukor alitupa akapata 3, akasimama akashangilia kwamba yuko mbele. Wote tukaona ni sawa. Hata sikuwaza kuna namna nyingine. Imeandikwa daftarini, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza: Namba ndogo huvuka kwanza.

Kitufe sitaki. Jumamosi mia moja arobaini na moja sijawahi kurudisha neno nililotamka mezani. Nikirudisha moja, Ojakol ataniomba nirudishe yote, kuanzia ile ya mto. Nani ataiamini meza inayorudi nyuma?

Ilukor hajaja Jumamosi sita. Malaba amepita mara mbili, nimeona lori lake. Makaratasi yake amepeleka kwa wakala mwingine, yule mwenye makosa. Zamani alikuwa ananiletea machungwa ya kwao, kumi na mawili kila safari, na ninajua kumi na mawili kwa sababu nayahesabu. Sasa hakuna. Si kwamba nayapenda sana machungwa.

Kitu kimoja kinanisumbua. Siku ile, kabla ya Chatu kuuma, Ilukor aliandika kwa muda mrefu. Dakika tatu nzima, kwa kidole kimoja, akijifuta jasho na lile taulo. Huwa anaandika "napiga" basi. Nadhani alikuwa amepata mbinu ya kummaliza Chatu. Fungua uniambie ilikuwa shambulio la namna gani. Nataka kujua tu kama mahesabu yangu ya uhai 90 yalikuwa madogo.

Shangazi yako


Burumba, 30 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo sana. Natumaini uko mzima kabisa, na mama, na mbuzi. Naomba unieleze zaidi kuhusu mbuzi. Ule mguu ulifungwa na nani? Kijiti cha mti gani? Hapa Burumba kuna jirani ambaye mbuzi wake pia alivunjika mguu, wakamfunga kwa kipande cha bomba la plastiki, akapona, lakini sasa akitembea analia kama filimbi. Mwingine alipanda juu ya gari la watu wakiwa wanasali. Kuna mambo mengi ya mbuzi ambayo hatujawahi kuyazungumza kama familia.

Nimeelewa kuhusu foleni. Nimesimama barabarani kama ulivyosema. Uko sawa, na ninaona aibu kidogo, kwa sababu nimezaliwa Malaba. Nimetengeneza swichi mpya ndani ya programu. Inaitwa "Mpangilio wa Malaba". Ukiiwasha, namba ndogo mbele. Nitakutumia ikiwa tayari.

Ile kumbukumbu nimeifungua. Si shambulio.

Zaidi ya hapo siwezi kusema, Shangazi. Si kwa ubaya. Mtu akiandika kitu kingojee zamu yake, nadhani kingojee zamu yake. Ila naomba, kwa heshima zote, huo mzunguko urudiwe kwa namna yoyote ile.

Je, nyumba yako hapo nyuma ya ofisi paa lilishatengenezwa? Inatosha watu wangapi? Nauliza tu. Mjomba, mume wako, alituacha mwaka 2018, na mama huwa anasema jioni unakula ukiwa umesimama.

Wako mtiifu,
Jared


Malaba, 21 Aprili 2024

Jared,

Sote wazima. Barua yako ina kurasa tatu. Mbili na nusu ni mbuzi. Mimi nasoma matamko ya mizigo kila siku, na mtu akiniandikia kontena nzima ya magodoro najua katikati kuna kitu kingine.

Kwamba nakula nikiwa nimesimama, mwambie mama yako aangalie sahani yake. Paa limetengenezwa. Inatosha watu wanaotosha.

Nimekaa siku tatu na neno lako "si shambulio." Kama si shambulio, ni nini? Mtu ana Chatu mbele yake, ana uhai 28, na haandiki shambulio. Ojakol anasema labda alikuwa anakimbia. Nikamwambia Ilukor hajawahi kukimbia, hata ile siku ya nyuki. Ojakol akanitazama, akasema, "Mama, mbona unamtetea marehemu?" Nikamnyima chai.

Sasa sikiliza. Nimetafuta njia, na nimeipata kwenye kazi yangu mwenyewe.

Kurudisha neno siwezi. Lakini sheria ya daftari ni ya 2021, na programu yako ni ya mwaka huu. Ya zamani ndiyo inashika. Namba ndogo huvuka kwanza. Chatu alikuwa na 19, akauma mbele ya mwenye 2. Hapa mpakani gari likifanya hivyo linaitwaje? Limepenya foleni. Na gari lililopenya foleni, hata kama limeshafika getini na dereva anakula ndizi, linafanywaje? Linarudishwa nyuma.

Kwa hiyo mimi sirudishi neno langu. Namrudisha Chatu.

Jumamosi tarehe 25 Mei, saa nane mchana, tunarudi kwenye mzunguko uleule. Nimemwandikia Ilukor tangazo rasmi, nikalipiga muhuri wa ofisi ili asiseme ni maneno ya barabarani, nimempa Oduori amfikishie watakapokutana njiani. Wewe itengeneze hiyo swichi. Kila mtu awe na namba yake ileile, uhai uleule, na alichoandika kiwe kilekile. Usiguse hata nukta.

Akija, sawa. Asipokuja, nitajua kwamba alikuwa amechoka na mchezo, na kuna watu wengine wengi duniani wenye mataulo.

E. Akwii


Burumba, 5 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Haraka tu, Oduori ameacha injini ikinguruma. Milka amejifungua juzi, msichana, kilo tatu na nusu, wote wazima. Jina ni Edinah. Mama atakuambia kabla ya barua hii, lakini nilitaka uwe nalo kwa mwandiko.

Hoja yako ya Chatu nimeisoma mara mbili. Ungekuwa wakili, gereza lingebaki tupu.

Programu nimeituma leo kwa mtandao. Simu yako itakuuliza kama unataka mpya, bonyeza Ndiyo. Kila kitu kiko kama kilivyokuwa dakika ile kabla Chatu hajauma. Sijagusa nukta.

Jambo moja la maana kuliko yote. Siku hiyo, ikifika zamu ya Ilukor, tafadhali zima televisheni. Chomoa kabisa. Soma wewe peke yako kwenye simu. Usiniulize kwa nini.

Natumaini hii itakufikia mapema.

Jared


Malaba, 26 Mei 2024

Jared baba Edinah,

Yoga noi. Hongera tena, na mtoto nimemwona kwenye simu ya mama yako. Ana paji langu. Mama yako hajambo, tangu jana anacheka, goti hata amelisahau. Mbuzi amepona na hapigi filimbi. Mvua imenyesha siku nne mfululizo.

Barua yako ya tarehe 5 Mei imefika leo saa nne asubuhi. Siku ishirini na moja. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni. "Zima televisheni." Sawa, Jared. Asante.

Jana saa nane Ilukor alikuja. Alikuwa na lile tangazo mkononi, limekunjwa mara nne, na taulo safi. Akakaa mwisho kabisa wa benchi kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Tulikuwa sisi, na Quinter na deli lake la chapati, na Ojakol, na kwa sababu ya mvua kulikuwa na madereva wengine kumi na saba wamejikinga barazani kwangu. Na mama yako, alikuwa amekuja kuniletea habari za mtoto.

Nikasimama nikasoma uamuzi. Chatu, namba 19, alipita mbele ya namba 2. Amerudishwa nyuma. Kuumwa kote kulikotokea hakukutokea.

Ojakol akasema, "Kwa hiyo Mama Edinah umegeuza neno."

"Sijageuza. Nimesimamia foleni."

"Chatu hana hata makaratasi," akasema Quinter. Wale madereva kumi na saba wakaunga mkono kwa sababu hakuna dereva anayempenda mpenya foleni, hata kama ni nyoka.

Nikawasha swichi yako. Foleni ikajipanga yenyewe, Taulo juu, Chatu chini kabisa. Jina la Taulo likarudi rangi yake. Nikasema, "Ilukor, zamu yako."

Hapo ndipo aliposhtuka. "Ile niliyoandika siku ile bado imo?"

"Haijaguswa nukta."

"Mama Edinah, subiri kwanza," akasema, akasimama, taulo likaanguka. Lakini kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza, na mimi kidole nikishabonyeza sirudishi.

Ikatokea kwenye televisheni. Nainakili hapa ingawa najua wewe umekaa nayo miezi miwili, mnafiki wewe:

"Jemadari Taulo anaweka upanga chini. Hamwangalii Chatu. Anamuuliza mwenye meza. Edinah, mwezi wa nane nakabidhi lori. Sitaki kurudi Kumi peke yangu. Nikikaa Malaba, kwenye benchi, upande wako, utanikubali au utanirudisha foleni?"

Nilifanya ninachofanya nikikosa la kufanya, nikahesabu. Maneno thelathini na moja. Sawasawa na jino la Chatu. Taulo alikuwa na 28 akafa. Mimi sijui nilikuwa na ngapi.

Mvua tu kwenye mabati. Dereva mmoja nyuma, mgeni, akauliza kwa sauti ya chini, "Huu mchezo unaitwaje?" Mwenzake akamwambia nyamaza.

Unajua sheria ya saba ya daftari. Anayeomba jambo kubwa mezani hutupa dadu. Nikamsukumia. Ilukor akaitupa, ikaruka mezani, ikaingia chini ya deli la Quinter. Quinter akanyanyua deli polepole, akainama, akatazama, akafunga macho.

Ojakol akainama naye. "Mzee, pole," akasema. "Ni moja, na ombi huwa linataka kubwa."

Wale kumi na saba wakashusha pumzi kama tairi. Ilukor akaokota taulo lake sakafuni, akaanza kulikunja, pembe kwa pembe, kama ile siku ya Februari.

Nikamwambia, "Ilukor, acha hilo taulo. Hiyo dadu imeangukia wapi?"

Akasema, "Chini ya chapati."

"Chapati ziko wapi?"

"Malaba."

"Na Malaba mwenye namba moja anafanya nini?"

Ilukor akaanza kuhesabu vidole. Ni dereva mzuri lakini mahesabu huwa yanamchelewa. Ojakol ndiye aliyeelewa kwanza, akapiga meza mpaka vizibo vikaruka.

Mama yako alilia, kisha akala chapati tano, nilimwona. Vita havikuendelea. Chatu bado yuko kwenye foleni na uhai wake wote 90, na hakuna mtu aliyemuuliza hali.

Leo asubuhi kuna machungwa kumi na mawili mezani. Nimekula kifungua kinywa nimekaa. Sasa unaweza kuja, mje wote watatu, na ukija Ojakol akikupa soda kataa. Ilukor nimempangia nafasi yake ya kudumu kwenye benchi. Yuko upande wa kushoto. Chatu haoni upande huo.

Shangazi yako,
Edinah Akwii